Mawese Chini ya Faiba

Boti ya Batuli ilipandishwa mchangani siku ya pili baada ya ziwa kufungwa. Wanaume kumi na wanne waliisukuma juu ya magogo, na ilipofika mahali pake kumi na watatu wakaenda zao kunywa chai. Aliyebaki alikuwa Mbaraka, fundi wa mitumbwi, mtu wa miaka sitini na moja, mrefu, mwenye mgongo ulioanza kubishana naye kila asubuhi. Aliizunguka boti mara mbili bila kuigusa, kama anayekagua ng'ombe wa mtu mwingine mnadani.

Siku hizi Tanganyika hufungwa miezi mitatu, samaki wapate kuzaana na kukua. Kwa wavuvi wa Rumonge hiyo ni miezi mirefu ya karata na kushona nyavu. Kwa Mbaraka ndio msimu wa mavuno, maana vyombo vyote huwa nchi kavu, na hakuna chombo kisicho na kidonda.

Alikuwa mzaliwa wa mtaa wa Waswahili, nyumba ya nne kutoka msikitini, na kazi aliirithi kwa baba yake. Akiwa na miaka kumi na miwili alijua tayari kusokota pamba, kuichovya katika mawese na kuigongomea katikati ya mbao mbili mpaka maji yakose njia. Mbao, pamba, mawese, nyundo: hapo elimu yake ilianzia, na kwa miaka mingi hakuona sababu ya kutafuta nyingine. Vita vilimvusha ziwa mara mbili, na mara zote mbili sanduku la zana liliingia mtumbwini kabla ya godoro. Huko ng'ambo ya Kongo alijifunza Kibembe cha kutosha kununua mbao bila kudanganywa. Kirundi alikuwa nacho tangu utotoni, Kifaransa alikiokota kwa wateja, na Kiswahili alikizungumza kama kinavyozungumzwa ufukoni pale, bila kukipiga pasi: mtu akawa mutu, ndio ikawa njo.

Boti hii haikuwa ya kabila lake. Ilikuwa ya faiba, urefu wa mita saba, nyeupe iliyogeuka rangi ya jino la mvuta tumbaku. Iliwahi kuja na mradi fulani. Mradi ukaisha, boti ikabaki, ikauzwa, Batuli akainunua. Batuli alikuwa mchuuzi wa samaki, mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, asiyengoja samaki waletwe sokoni. Alfajiri aliwafuata wavuvi huko huko ziwani, kaka yake Fadhili akiwa kwenye moteri, akanunua samaki wa mukeke na ndagala, dagaa wa ziwa lile, kabla mitumbwi haijageuza pua kurudi. Wenzake walipofika ufukoni saa mbili walikuta masanduku yake yamekwisha kupanda Hiace ya Bujumbura.

"Moteri ikipata nguvu, nyuma kunacheza," Batuli alimweleza. "Fadhili alitoboa tundu pale. Yalitoka maji kama chai ya rangi."

Mbaraka aligonga kwa kidole ukuta wa nyuma, ule unaobeba moteri. Kisha akapanda ndani na kukanyaga sakafu kwa kisigino. Ilibonyea kama mkeka uliotandikwa juu ya tope.

"Mama, hii iko plastiki. Mimi ni mutu wa mbao."

"Ndani iko mbao. Njo zimeoza."

"Wanasema iko mbao."

"Baba Mbaraka, ningetaka mutu wa kuniambia wanasema, ningebaki sokoni."

Mbaraka alicheka, na mtu akishamchekesha Mbaraka, kumkatalia kazi humshinda. "Haya. Ya ndani ni yangu. Ya nje utafute mwenye kujua dawa zake."

Baada ya kutafuta kwa karibu miezi miwili, aliyepatikana alikuwa Venanti, kutoka Nyanza-Lac. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi upande wa Tanzania, akajifunza kazi ya faiba Kigoma, kwenye karakana ya matangi ya maji na boti, akarudi Burundi mtu mzima, na mke, watoto wanne na Kiswahili kilichonyooka kama mistari ya daftari. Alishuka kwenye Hiace na begi moja la zana na madumu mawili ya rezini, gundi ya kugandishia faiba, akaja moja kwa moja ufukoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Amahoro. Kumbe Kiswahili yako imevaa kravati. Hapa utaivua, kazi iko ya vumbi."

"Na yako, Mzee wangu, ngeli zote zilikimbia vita."

"Zilikimbia. Zingine zilibaki huko zikaolewa."

Basi wakapatana.

Kwanza waliikaza boti kwa miti pande zote mbili, isije ikalegea ikishatolewa uti wake. Venanti alifunga kitambaa usoni, akawasha mashine ya kukatia, akaifungua sakafu kuanzia mbele hadi nyuma. Vumbi la faiba ni upupu. Lilimwingia Mbaraka shingoni, kwapani, kwenye mikunjo ya viwiko, na siku ile alioga mara tatu bila kupata nafuu. Chini ya sakafu walikuta mihimili miwili mirefu inayotoka mbele mpaka nyuma, ile inayolizuia tumbo la boti lisipinde kwenye mawimbi. Ilikuwa imefungiwa ndani ya faiba kama muhogo ndani ya ganda lake. Venanti alipasua ganda, na mbao iliyokuwamo ikatoka kwa mkono, nyeusi, imelowa, kama ugoro uliomwagikiwa maji. Ukuta wa nyuma nao ulikuwa vivyo hivyo, ganda zima nje, uji ndani.

Mbaraka aliuminya ule uozo kiganjani, maji yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko. "Waliufungia mti humu bila kuupa hata tone la mafuta."

"Maji yaliingilia kwenye tundu za skurubu, Mzee. Walitoboa wakaacha wazi."

"Tundu ni mulango tu. Mwenye nyumba ndani alikuwa na kiu."

Venanti alitabasamu akaendelea na kazi, akidhani amepewa methali. Lakini Mbaraka alikuwa amesema anachokiamini. Kwake mbao kavu ni mbao yenye kiu, na itakunywa chochote kitakachotangulia kufika. Yakitangulia mawese, maji yatakuta nafasi imejaa. Ndivyo alivyofundishwa, na mitumbwi yake mingine ilikuwa ziwani tangu kabla Venanti hajarudi nchini.

Siku kumi na mbili zilizofuata zilikuwa zake. Alikata maboksi ya sabuni, akayabana ndani ya boti mpaka yakafuata mkunjo wa tumbo lake, kisha akauhamishia mkunjo ule kwenye mbao za sederela, mti mwepesi mwekundu unaopandwa huko vilimani. Ukuta wa nyuma aliutengeneza kwa tripleksi, mbao bapa mbili nene za matabaka zilizogandishwa zikawa moja. Alipoiweka mihimili mahali pake kwa majaribio, Venanti alijaribu kupenyeza kadi ya simu katikati ya mbao na ganda. Haikupenya.

"Kazi safi," alisema Venanti. "Sasa punguza."

"Nipunguze nini?"

"Chini kote, upana wa kidole kidogo. Mbao isikae juu ya ganda kavu kwa kavu, itakuja kulikata. Inakalia uji wa rezini."

Kwa mtumbwi, nafasi ya kidole kidogo ni aibu. Mbaraka alipiga randa kimya kimya, na kila unyoya wa mbao ulioanguka ulimuuma kidogo.

Venanti aliikagua mihimili, akairudisha kwenye kibanda cha Mbaraka. "Tuziache mbao kivulini siku nne zikauke barabara," alisema. "Usiziguse kabisa, Mzee." Akapanda gari kwenda Nyanza-Lac, ambako kesi ya shamba la marehemu baba yake ilikuwa isikilizwe. Shamba lile familia ililiacha ilipokimbia. Iliporudi ikamkuta mtu mwingine na michikichi yake.

Siku ya pili Mbaraka aliona ufa mwembamba kama unywele kwenye ncha ya mhimili mmoja. Fundi wa faiba angeuziba kwa uji na kuusahau. Mbaraka aliuona kama mdomo uliopasuka kwa kiu. Akawaza: hawa nao tunawafungia ndani wakavu kama wale wa kwanza. Alikwenda nyumbani, akachukua dumu la mawese jikoni, akayapasha moto, akarudi na kitambaa. Alipaka mara mbili, mihimili yote na ukuta wote na kingo zake, akaziacha mbao juani kidogo zinywe, kisha akazifuta mpaka kiganja kikatoka kikavu. Zilikuwa nyekundu kabla, zikabaki nyekundu. Harufu haikuwa na cha kumwambia mtu: msimu wa kukamua ngazi, matunda ya mchikichi, mji mzima unanuka mawese, kuanzia noti hadi mito ya kulalia.

Hakujiona mtundu. Alijiona kama aliyemlisha msafiri kabla ya njia ndefu. Wala hakupanga kusema, kwa kuwa alijua atachekwa. Mambo ya mitumbwi, angesema yule wa kravati.

Venanti alirudi uso umefungwa. Kesi ilikuwa imeahirishwa. Alipitisha kiganja juu ya mhimili. "Zimelainika sana."

"Randa yangu inakata," Mbaraka alijibu. Lilikuwa neno la kweli, ndiyo maana lilimtoka kirahisi.

Kutwa nzima walifanya kazi kama watu walioanza pamoja utotoni. Venanti alichanganya rezini, akahesabu matone ya dawa ya kugandisha akinong'ona, akatia unga wa mbao mpaka ukawa uji mzito. Waliilaza mihimili juu ya uji huo, wakausimamisha ukuta wa nyuma na kuubana kwa vyuma, wakalainisha kila pembe kwa kitako cha chupa ya soda isibaki kona kali. Kisha vikaja vitambaa vya nyuzi za kioo, pana na nyembamba, tabaka juu ya tabaka, Venanti akivinywesha rezini kwa brashi mpaka weupe wake ukapotea na mbao ikaonekana chini yake kama kokwa ndani ya jeli. Batuli alipita alasiri akielekea nyumbani. Alitazama kwa muda.

"Sasa inafanana na kitu," alisema. Kwa Batuli hiyo ilikuwa hotuba.

Asubuhi ya siku ya tatu Mbaraka alifika wa kwanza, akagonga ukuta wa nyuma kwa fundo la kidole. Alisikia sauti mbili: ganda likajibu kwanza, na mbao ikafuatia nyuma yake, mbali, kama mtu aliyeitwa akiwa chumba cha pili. Alishuka kwenye mhimili wa kushoto. Vivyo hivyo. Wa kulia, vivyo hivyo, isipokuwa hatua mbili karibu na mbele.

Venanti alipofika hakuhitaji kugonga. Aliona mwonekano wa uso wa mzee, akachukua kisu cha bapa, akakisukuma chini ya ukingo wa kitambaa. Kitambaa kilinyanyuka chote, bila kelele, kama ganda la ndizi iliyochemshwa. Upande wake wa chini uling'aa.

Venanti alikigeuza geuza. "Ni mimi," alisema. "Nilipunguza dawa. Niliogopa itachemka haraka na jua lile. Au rezini imelala sana dukani, na mimi sikuuliza." Akakaa kwenye ukingo wa boti. "Miaka kumi na mitano nafanya kazi hii."

Mbaraka alishika kipande kile cha kitambaa akakisogeza puani. Chini ya ukali wa rezini, mbali kabisa, palikuwa na jiko la mke wake. Na papo hapo akakumbuka jambo alilolijua maisha yake yote: hata rangi haishiki kwenye ubao uliopakwa mawese. Kila anayeandika jina la mtumbwi analijua hilo. Huuosha ubao kwanza kwa sabuni na majivu. Yeye mwenyewe alikuwa ameosha mbao namna hiyo mara mia. Midomo yake ilifunguka, lakini Batuli alikuwa tayari anakuja kwenye mchanga, na Venanti alikuwa tayari anasimama kumpokea na habari.

Batuli alisikiliza mikono kiunoni. "Kigoma ulifanya matangi mangapi?"

"Mengi, Mama."

"Na yenyewe yalibanduka?"

"Hapana, Mama."

"Ziwa linafunguliwa baada ya siku kumi na tatu," Batuli alisema. "Siku ile mimi niko kwenye maji. Nikiwa kwenye mchanga, jina lako nitalitangaza mpaka Nyanza-Lac, na huko njo unatafuta watu wakuamini kwa kesi ya shamba."

"Nitakibandua chote leo. Mbao ni nzima. Nitaweka kitambaa kipya juu ya mbao hizo hizo, dawa nitaongeza. Rezini ya akiba inatosha."

"Fanya."

Mbaraka alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwao, anatazama ziwa.

Nyumbani, saa ya chakula cha mchana, mkewe Sikujua alikuwa anachagua mchele barazani. Alimwacha anawe, akae, amalize tonge la kwanza.

"Baba Kaoutar," alimwita kwa jina la mtoto wao, "dumu langu la mawese lilikuwa na lita tatu na zaidi. Limebaki na harufu."

Mbaraka alimweleza. Hakuchukua muda mrefu. Likisemwa, lilikuwa jambo fupi. Sikujua aliendelea kutupa vijiwe pembeni kimoja kimoja.

"Huyo mutu wa Nyanza-Lac, umemwambia?"

"Bado."

"Na anataka kuweka kitambaa kingine juu ya mbao zile zile."

"Njo anataka."

"Kitashika?"

"Kitashika kama wiki. Labda mbili. Mpaka siku wimbi litakapoipiga vizuri, ama moteri ipewe nguvu yote. Ukuta ukiachia, moteri inakwenda chini na maji yanaingia pale pale."

"Na ndani ya boti kuna Batuli."

"Na Fadhili."

Sikujua alipepeta mchele mara moja. "Sasa unangoja nini?"

"Watu watasema Mbaraka amezeeka."

"Watasema. Na kweli umezeeka. Kula, halafu uende."

Hakula tena. Alikwenda ufukoni na jua la saa nane, viatu mkononi. Venanti alikuwa amepiga magoti ndani ya boti, amekwisha kubandua nusu ya mhimili wa kulia. Vipande vya kitambaa vilirundikana nyuma yake.

"Venanti, acha hicho kisu."

"Kuna nini, Mzee?"

"Rezini yako haina kosa. Dawa haina kosa. Nilizipaka mawese."

Venanti hakuinua kichwa. "Ulipaka nini?"

"Mbao. Ulipokuwa kwenye kesi. Mihimili, ukuta, kingo, zote."

"Kidogo?"

"Lita tatu."

Venanti alikiweka kisu chini taratibu. "Lita tatu," alisema. "Ungetia chumvi tukala."

Upepo ulichukua kipande kimoja cha kitambaa, ukakipeleka hadi majini.

"Asubuhi yule mama alinivua nguo mbele yako, Mzee. Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa natafuta neno zuri."

"Umelipata?"

"Wapi. Nimekuja bila."

Venanti alinyoosha mkono akachukua chupa yake ya maji, akadondosha tone moja juu ya mhimili uliokuwa wazi. Tone lilisimama mviringo kama ushanga, likatetemeka, halikuzama.

"Mbao kavu ingelinywa hili," alisema. "Ndilo jaribio la kwanza nililofundishwa. Unadondosha tone, unasubiri. Sikulifanya. Kichwa changu kilikuwa kwenye shamba."

"Usinisaidie kubeba. Mzigo ni wangu."

"Sikusaidii. Nasema kilichotokea." Akasimama, akajipangusa magoti. "Twende kwake. Mimi na wewe, na useme wewe."

Batuli walimkuta uani kwake akisugua masanduku ya samaki kwa brashi. Mbaraka alisema akiwa amesimama, kofia mkononi, na hakuongeza chochote cha kujitetea, hata ule ufa wa unywele. Batuli aliacha kusugua.

"Kwa hiyo asubuhi nilimutukana mutu bure." Akamgeukia Venanti. "Unisamehe."

"Yamekwisha, Mama."

"Na wewe, Baba Mbaraka, ulikuwa umesimama pale."

"Nilikuwa nimesimama."

"Boti itakuwa tayari siku ya kufungua ziwa?"

"Hapana," walisema wote wawili.

"Na ungenyamaza, ingekuwa tayari?"

"Ingekuwa tayari," alisema Mbaraka.

"Ingenifikisha wapi?"

Mbaraka alilizungusha jibu mdomoni. "Mpaka pale Fadhili atakapofungua moteri yote."

Batuli alimwaga maji machafu kwenye mfereji, akayaangalia yakienda. Alipozungumza tena sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa ya mtu anayepanga safari. "Mbao mpya zitoke kwako. Zikiwa kavu. Rezini, Venanti aende Kigoma kuifuata. Mimi siku ya kufungua nitapanda mutumbwi wa watu kama mimi ni muzigo, na nitasema kwa nini. Sitadanganya watu kwa ajili yako."

"Nimesikia."

Mbao zilizokauka vile hazipatikani kwa siku moja. Mbaraka alikuwa na nne juu ya dari, sederela iliyolala pale tangu mwaka juzi, akijiwekea kwa mtumbwi wake mwenyewe, ule aliokuwa anasema atauchonga akistaafu. Alizishusha na Sikujua akishika ncha ya pili, na tripleksi ya ukuta akainunua kwa pesa yake.

Habari ilitembea. Kufikia Ijumaa alikuwa ameitwa Fundi Mawese mara mbili kabla ya kufika msikitini, na kwenye duka la vocha mtu mmoja alimuuliza kama boti ya Batuli imeiva au bado inahitaji moto. Mpaka Kizuka kwenye mashamba ya michikichi, dereva mmoja alimwambia, wanawake walikuwa wanaulizana mume gani mwingine anakaanga mbao. Mbaraka aliitikia wote. Lilikuwa jina lenye sababu, na majina yasiyo na sababu ndiyo magumu kuyajibu.

Venanti aliporudi na rezini alitoa sheria. Hakuna kula karibu na boti. Hakuna kugusa mbao bila kunawa kwa sabuni hadi viwiko, maana katika mji ule hakuna mkono usio na mawese. Ukimsalimia mtu umeyachukua. Aliweka ndoo, kata na kipande cha sabuni mlangoni mwa kibanda, na kila mpita njia aliyetaka kuona kazi alielekezwa kwenye ndoo kwanza.

"Wewe mukristo," mvuvi mmoja mzee alimwambia akinawa, "unatufundisha udhu?"

"Huu wa boti, Mzee. Na miguu pia, kama unapanda."

Ziwa lilifunguliwa boti ikiwa ingali juu ya magogo. Mitumbwi iliondoka machweo na taa zake, watu wakipigiana miluzi, na alfajiri Batuli alipanda chombo cha watu, amekaa katikati ya ndoo, akiwafuata kama alivyosema. Mbaraka alikuwa amesimama ufukoni aonekane. Kujificha, alimwambia Sikujua, kungekuwa kosa la pili. Jua lilipochomoza alirudi kibandani, akakuta Venanti amedondosha tone la maji juu ya kila mbao mpya, hatua kwa hatua, kutoka ncha hadi ncha. Walichuchumaa wakayatazama matone yakizama moja baada ya jingine, yakiacha alama nyeusi za duara.

"Zina kiu," alisema Venanti.

"Zina kiu," Mbaraka alikubali. Roho haikumtulia, lakini alikubali.

Siku kumi na moja baada ya mitumbwi yote, boti ya Batuli ilishuka majini. Fadhili alifunga moteri, akakaza bolti ambazo tundu zake Venanti alikuwa amezijaza rezini kwanza na kuzitoboa upya katikati. Batuli alipanda, akaweka masanduku yake, kisha akawageukia mafundi wawili waliosimama maji ya magoti, wakiwa na sura za watu waliomaliza kazi.

"Panda."

"Sisi?" alisema Venanti. "Mimi sijui kuogelea, Mama."

"Njo vizuri. Panda. Wote wawili mukae kule nyuma, migongo kwenye ukuta."

Walikaa. Fadhili aliitoa boti polepole mpaka kina kikawa cheusi, akamtazama dada yake, na dada yake akaitikia kwa kichwa. Alifungua moteri yote. Pua ya boti iliinuka, masanduku yakateleza, na Mbaraka alihisi ule ukuta ukimsukuma mgongoni kama mkono wa mtu mwenye nguvu asiye na haraka. Alingoja ucheze. Wimbi la kwanza lilipiga, na la pili, na la tatu kubwa kuliko yote lililowarusha mpaka Venanti akamshika mkono bila kujua. Ukuta haukucheza. Mbaraka alifumba macho, si kwa dua tu. Alikuwa anasikiliza kwa mgongo.

Mashua ya kwanza ya wavuvi walipoifikia, mtu mmoja aliyemfahamu aliita kutoka upande wa pili, "Eh, Fundi Mawese, leo umeletwa kama rehani?"

"Njo hivyo," Mbaraka alijibu. "Boti ikizama, na mimi nimo."

"Basi haitazama. Muzee huyu anaogopa maji."

Batuli alikuwa amekwisha kuinama ukingoni, anagusa mashavu ya mukeke, anauliza wamevuliwa saa ngapi, anakataa ndoo moja na kuvuta nyingine. Sanduku la kwanza lilipitishwa juu ya vichwa vya mafundi, likichuruzika maji na magamba.

"Baba Mbaraka," alisema bila kugeuka, "nyanyua miguu. Samaki wanaingia."

Mbaraka alinyanyua miguu.